Klachi Isiyokubali Kuachia

Mwenye mashine kongwe ya kukatia majani, ile ya Kiingereza yenye silinda ya visu mbele na rola nzito ya chuma nyuma, ni mtu aliyezoea kustahamili mengi: injini isiyowaka asubuhi ya baridi mpaka ibembelezwe, moshi unaomwingia machoni upepo ugeukapo, na mafuta yavujayo tone kwa tone juu ya sakafu ya banda. Hayo yote yana subira yake. Lakini iko ila moja isiyostahili kusubiriwa, nayo ni ya klachi ambayo, hata baada ya kuamriwa iachie, haikubali kuachia, bali huendelea kuizungusha rola polepole, rola ikaisogeza mashine, na mashine ikaelekea kwenye tuta la mawaridi na visu vikizunguka mbele yake, ilhali mwenyewe amekanyaga majani yenye umande na miguu yake haina pa kujishikiza. Mashine ya upana wa inchi 20, yenye ubavu wa chuma cha kalibu huku na huku, si kitu cha kurudishwa nyuma kwa nguvu za mikono, na aliyejaribu kufanya hivyo mbele ya ukuta wa matofali anajua nani hushinda.

Hitilafu hii ina ndugu yake, na ndugu hao wawili huchanganywa kila siku. Kuna klachi itelezayo, ambayo injini hunguruma kwa nguvu zote lakini mashine haipandi hata mwinuko mdogo. Na kuna hii isiyoachia. Ya kwanza ni maradhi ya uchakavu: kitambaa cha pleti kimelika, springi zimelegea, hakuna cha kushikia. Ya pili aghalabu ni maradhi ya uchafu, kutu, na vipimo vilivyopotea. Hata hivyo mara nyingi mtu akiona klachi yake imekataa kuachia, jambo la kwanza alifanyalo ni kuagiza pleti mpya kwa thamani kubwa, maana vipuri vya mashine za zamani havipatikani rahisi, akazitia, na mashine ikaenda vilevile kama ilivyokwenda jana. Pleti hazikuwa na taksiri. Kilichokosekana kilikuwa nafasi yao ya kuachana, na nafasi hiyo hainunuliwi dukani. Hutafutwa kwa kipimo, kwa tupa, na kwa mafuta ya taa.

Ili tufahamu kwa nini kitu hiki kikatiwa ndani ya mashine ya bustani, yafaa tutazame nyuma kidogo. Edwin Budding, fundi wa mitambo aliyefanya kazi Thrupp, karibu na mji wa Stroud katika Gloucestershire, alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kukatia majani tarehe 31 Agosti 1830. Bonde lile lilikuwa na viwanda vingi vya sufu, na viwandani humo mlikuwa na chombo chenye visu vya kuzunguka kilichonyoa manyoya yaliyosimama juu ya kitambaa mpaka uso wake ukawa sawa. Budding akaona kwamba kilichoweza kunyoa sufu kingeweza pia kunyoa uwanja. Kabla yake majani ya viwanja vya Uingereza yalikatwa kwa mundu mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili, na kazi ilifanywa alfajiri kabla umande haujakauka, kwa kuwa majani makavu huukwepa mundu. Mashine ya Budding ilisukumwa na mtu, na aliyeisukuma akisimama, nayo husimama. Hapakuwa na injini ya kutengwa na rola. Mwaka 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilipewa idhini ya kuiunda, na mwaka 1842 Alexander Shanks wa Arbroath, huko Uskoti, alitoa yake ya kukokotwa na farasi mdogo, ambaye alivishwa viatu vya ngozi ili kwato zake zisiache alama kwenye majani. Farasi naye ana hatamu, na hatamu ni klachi ya kutosha.

Shida ilianza pale nguvu ilipotoka kwa kiumbe chenye masikio ikaingia katika chombo kisichosikia. James Sumner wa Leyland alipata hati ya mashine ya mvuke mwaka 1893. Ransomes wakauza ya petroli tangu mwaka 1902, kubwa, nzito, ya viwanja vya michezo na ya majumba ya matajiri. Kisha mwaka 1921 kampuni ya Charles H. Pugh ya Birmingham ikaleta Atco, mashine ya injini ambayo mtu wa hali ya kati angeweza kuitamani bila kuchekwa na jirani. Wakafuata wengine: Dennis wa Guildford, waliojulikana zaidi kwa malori na magari ya zimamoto, na Suffolk Iron Foundry ya Stowmarket, ambao mashine zao ndogo zingali zikikutwa katika mabanda mengi ya Uingereza chini ya magunia. Injini haiwezi kuzimwa na kuwashwa kila mwisho wa mstari ufikapo, wala haiwezi kuambiwa ngoja. Kwa hiyo baina yake na rola pakawekwa kitu cha kuunganisha na kutenga, nacho ndicho tunachokizungumzia.

Kwetu pwani majani mengi hukatwa kwa fyekeo, na mashine za namna hii zilifika pamoja na Waingereza na viwanja vyao vya gofu na kriketi. Lakini maarifa ya klachi yenyewe si mageni kwa yeyote aliyewahi kumsimamia fundi wa pikipiki akifungua ubavu wa injini. Mpango ni mmoja. Kuna kikombe cha chuma kinachozungushwa na injini kwa mnyororo au kwa gia, na ubavuni mwake imechongwa mianya iliyonyooka. Ndani ya kikombe zimepangwa pleti kwa zamu: moja ina meno upande wa nje yanayoingia katika ile mianya, kwa hiyo huzunguka pamoja na kikombe, inayofuata ina meno upande wa ndani yanayokamata kitovu, na kitovu kimefungwa kwenye mhimili uendao kwenye rola. Baina ya pleti hizo pana kitu cha kuleta msuguano, ama vipande vya koki, gome lile jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, ama kitambaa kigumu kilichofumwa na kubanikwa. Juu ya pleti zote imekaa presha pleti, na juu yake springi zinazozikandamiza zishikane. Wenzo ulio mkononi mwa mkataji, kwa njia ya waya, husukuma kijiti kinachoiinua presha pleti dhidi ya springi, na hapo pleti hupata ruhusa ya kuachana.

Ruhusa hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tuseme presha pleti inainuka milimita 2 wenzo ukivutwa mpaka mwisho, na tuseme nyuso zinazogusana ni 6. Kila mwachano, basi, hupata theluthi moja ya milimita, na hapo tumechukulia kwamba pleti zote zimenyooka na kwamba zimegawana nafasi kwa uadilifu, jambo ambalo pleti hazina desturi ya kulifanya. Waya ukiwa umelegea kiasi cha kupoteza milimita 1 ya mwendo, nusu ya ruhusa imekwisha kabla kazi haijaanza. Pleti moja ikiwa imepinda robo ya milimita, imekula karibu mwachano mzima. Mtu akiishika hesabu hii kichwani hataanza kazi kwa kununua chochote, ataanza kwa kuuliza: mwendo wa wenzo umepotelea wapi?

Kwanza lakini athibitishe kwamba mkosaji ni klachi. Injini izimwe na waya wa plagi ung'olewe na kuwekwa mbali, kwa kuwa silinda ya visu ikizungushwa kwa mkono huweza kuizungusha injini, na injini yenye petroli na cheche haichagui wakati wa kuwaka. Rola iinuliwe juu ya gogo ili isiguse chini. Wenzo uwekwe katika hali ya kuachia, ufungwe hapo kwa kamba, kisha rola izungushwe kwa mkono. Ikiwa nzito, mnyororo uendao kwenye rola uvuliwe na rola ijaribiwe peke yake. Maana beringi za rola zilizokauka, au mnyororo uliokazwa kupita kiasi, huweza kumdanganya mtu akaingia safari ya bure ndani ya klachi. Rola ikiwa nyepesi, basi ashike gia ya mnyororo iliyo kwenye mhimili wa klachi, aizungushe taratibu kwa vidole viwili, na hapa asiwe na haraka, kwa kuwa vidole vitamwambia mengi. Uzito ulio sawasawa mzunguko mzima, ulio mlaini kama wa kitu kilichozamishwa katika asali, ni mafuta yaliyoganda baina ya pleti. Uzito unaokuja na kuondoka mara moja katika kila mzunguko ni pleti iliyopinda, au presha pleti inayoinuka upande mmoja. Mkwaruzo mkavu, wenye kukwama na kuachia bila mpango, unatoka kwenye bushi iliyokosa mafuta. Na ikiwa gia inazunguka bila zuio lolote, ilhali mashine ikifanya kazi kwa robo saa huanza kuvuta, hapo joto limo katika shauri hili, na bushi ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Baada ya hayo waya. Sipendi kuupita waya upesi, kwa kuwa ndio mwenye hatia mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, na ndio unaodharauliwa. Waya wa klachi una moyo wa nyuzi zilizosokotwa na gamba la nje la chuma kilichozungushwa kama springi. Gamba likizeeka hujibana lenyewe kila wenzo uvutwapo, ncha zake huzama katika vishikio vyake, na tundu la pini ya wenzo hupanuka likawa la umbo la yai. Kila kimoja cha hivi hula sehemu yake ya mwendo. Kuupima upotevu huo ni rahisi: weka alama ya chaki kwenye moyo wa waya penye wenzo na nyingine penye klachi, vuta wenzo mpaka mwisho, kisha pima kila alama imesogea kiasi gani. Tofauti ya vipimo hivyo ni mwendo ulioibiwa njiani. Ikiwa ni ndogo, waya utundikwe wima usiku kucha na kudondoshewa mafuta mepesi kutoka juu, kisha urekebishwe kwa nati yake mpaka ulegevu ubaki kama milimita 2 hivi kwenye wenzo. Usiondoe ulegevu wote. Waya uliokazwa moja kwa moja huibeba presha pleti wakati wote, na hapo mtu ameitibu klachi isiyoachia kwa kuigeuza kuwa itelezayo. Tofauti ikiwa kubwa, waya mpya hutengenezwa na fundi yeyote wa baiskeli au pikipiki mwenye akili timamu, almuradi unene wa moyo na urefu wa gamba viwe vilevile.

Ziko mashine ambazo mpango wa wenzo umegeuzwa: ukiubana ndipo klachi inaposhika, na ukiuacha, springi ya kurudisha ndiyo inayozitenga pleti. Katika hizo mtu asitafute mwendo uliopotea kwenye kuvuta, atafute kizuizi kwenye kurudi: waya wenye kutu unaokwama katika gamba lake, egemeo la wenzo lililokauka, au springi ya kurudisha ambayo imenyooka kwa uzee na haina tena nguvu ya kuutoa mkono nje.

Ikiwa waya hauna lawama, klachi haina budi kufunguliwa, na kabla ya kufunguliwa pana hadhari ambayo haifai kuchukuliwa kwa wepesi. Vitambaa vya klachi vya zamani aghalabu vilifumwa kwa asbesto, nayo vumbi lake likivutwa mapafuni huleta maradhi yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Uingereza ilipiga marufuku aina yake ya mwisho, ile nyeupe, mwaka 1999, lakini marufuku hayo hayakuingia ndani ya mabanda kuziondoa pleti za mwaka 1935. Kwa hiyo usilipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, wala usilisugue kavu kwa msasa. Linyunyizie maji, lipanguse kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa hicho kifungwe ndani ya mfuko na kutupwa kama sheria ya mahali inavyotaka. Ikiwa huna hakika kitambaa chako ni cha kitu gani, kihesabu kuwa ni asbesto.

Springi zifunguliwe kwa zamu, kila nati ikizungushwa kidogo kidogo, ili presha pleti ishuke sawa. Pleti zitolewe na kupangwa juu ya gazeti kwa utaratibu uleule zilivyokaa, uso uliotazama juu uendelee kutazama juu. Hapo ndipo sababu huanza kujionyesha. Mashine iliyolala bandani tangu mwezi wa Oktoba mpaka Machi, katika unyevu wa Uingereza, huota kutu nyekundu kwenye pleti za chuma, na koki hugandamana na kutu hiyo kwa ukaidi wa ajabu. Mara nyingine itakubidi uzitenge kwa ncha ya kisu kipana, polepole, ukizunguka ukingo. Au utakuta utando wa kahawia wenye kunata, ambao ulikuwa mafuta ya mtu fulani mwenye nia njema. Watu wengi wana imani kubwa kwamba kila kinachokwama hulainika kwa kupuliziwa mafuta ya kopo, nao huipulizia klachi kavu kupitia tundu la kifuniko chake. Juma la kwanza inateleza, na mwaka wa pili mafuta yale yamekauka yakawa gundi. Mafuta ya taa na brashi huyaondoa. Kitambaa kilichofumwa, kikiwa kimekunywa mafuta mpaka ndani, hakisafishiki kwa kweli, na hapo kununua ni halali.

Klachi za koki zilizoundwa kufanya kazi ndani ya mafuta zina hukumu yake. Hizo hazikaushwi, lakini mafuta yake yakiwa mazito mno, au yakiwa ya miaka mingi, huzishikamanisha pleti hasa kabla injini haijapata moto. Kidogo cha kuvuta katika dakika za mwanzo za asubuhi ya baridi ni tabia, wala si ugonjwa. Badili mafuta kwa daraja lile mtengenezaji aliloliagiza, kisha uendelee kuchunguza ikiwa mashine bado inavuta ikiwa moto.

Pleti za chuma zilazwe moja moja juu ya kipande cha kioo kinene, na ukingo ubonyezwe kwa kidole kuzunguka. Ikitikisika, imepinda, na kipimo cha nafasi, vile vijembe vyembamba ambavyo mafundi huviita fila, kitasema kwa kiasi gani. Mimi pleti iliyopinda zaidi ya sehemu 2 za 10 za milimita siirudishi katika klachi yenye mwachano mdogo. Ziko njia za kuinyoosha, kwa kuibana baina ya vipande viwili vya chuma kinene katika jiliwa na kuitia moto, lakini fundi mchongaji atakukatia nyingine kutoka katika bati la chuma la unene uleule, nayo itakuwa na itibari zaidi. Iliyonyooka isuguliwe kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kioo mpaka kutu yote iondoke, bila kutafuta mng'aro. Koki iliyolika au kuvimba huweza kubadilishwa hata nyumbani: vipande vipya huroweshwa katika maji ya moto vikalainika, vikashindiliwa katika matundu yake vikiwa vimezidi kidogo pande zote mbili, na vikikauka husuguliwa mpaka vyote viwe sawa kwa kimo.

Sasa tutazame ule mwanya wa ubavuni mwa kikombe, kwa kuwa hapo ndipo penye kisa ambacho wengi hawakioni hata kikombe kikiwa mkononi mwao. Kila klachi inaposhika, meno ya pleti hugonga ukuta wa mwanya, upande uleule, mahali palepale, maelfu kwa maelfu ya mara. Kwa miaka chuma hubonyea, na kila pleti hujichimbia kitanda chake kidogo. Ukitazama kwa jicho tu, mwanya waonekana mzima na unang'aa. Pitisha ukucha wa kidole gumba kutoka mdomoni mwa mwanya kuelekea chini, nao utadundadunda kila palipo na pleti. Vitanda hivyo ndivyo vinavyozikataza pleti kuteleza nje wenzo uvutwapo: zataka kuachana, lakini meno yamelala katika mashimo yake na nguvu ya injini inazidi kuyashindilia humo. Pleti mpya hazisaidii chochote hapa, maana hulala katika vitanda vilevile. Dawa ni tupa bapa yenye meno madogo, ikipelekwa kwa urefu wa mwanya, mikwaruzo michache kila upande kisha ukucha tena, mpaka ukuta uwe mnyoofu toka juu hadi chini. Ondoa kidogo kuliko unavyotamani, na uondoe sawa katika mianya yote, ama sivyo jino moja litabeba kazi ya wenzake. Meno ya pleti nayo yana vinundu vya pembeni vilivyotokana na kugongwa, viondolewe. Mashimo yakizidi milimita 1 kwa kina, kikombe kipelekwe kwa mchomeleaji mwenye mkono mwepesi, ajaze chuma, kisha kichongwe upya.

Springi hazihitaji mengi. Zisimamishwe wima juu ya kioo, bega kwa bega, na iliyo fupi itajulikana papo hapo. Na moja ikiwa fupi, zote zibadilishwe, kwa sababu presha pleti inayosukumwa kwa nguvu zisizo sawa huinuka kombo, upande mmoja ukaachia na wa pili ukaendelea kushika. Mtu aliyewahi kuwa na klachi itelezayo huenda pia alizikaza nati mpaka mizunguko ya springi ikagusana yenyewe kwa yenyewe, na hapo presha pleti haina pa kwenda hata wenzo ukivutwa na watu wawili. Kile kijiti cha kusukuma kitazamwe ncha zake: kikiwa kimepondeka kichwa kama msumari uliogongwa sana, kimefupika, na ufupi wake umetoka katika zile milimita 2 za hesabu yetu. Hali kadhalika mhimili ushikwe na kuvutwa mbele na nyuma. Ukicheza sana, klachi nzima huifuata presha pleti badala ya kubaki nyuma, na mwendo wote wa wenzo huishia hewani. Washa za kuzuilia huondoa ila hiyo.

Bushi ya shaba iliyo baina ya kikombe na mhimili ni kitu kidogo sana, na kwa sababu ni ndogo husahauliwa. Klachi ikiwa imeachia, mhimili umesimama na kikombe kinazunguka juu yake, hakuna kinachovitenga isipokuwa bushi hiyo na utando wa mafuta. Utando ukikosekana shaba hupata moto, hupanuka, huung'ang'ania mhimili, na kikombe huuburuta mhimili pamoja nacho ingawa pleti zote zimeachana kwa amani. Mhimili wenye rangi ya buluu mahali bushi inapokaa umekwisha kutoa ushahidi. Usafishwe kwa msasa laini wa chuma. Tundu la mafuta, ambalo aghalabu huwa limezibwa na grisi iliyogeuka kuwa kama nta, lizibuliwe kwa waya mwembamba. Na bushi iliyochanika ichongwe nyingine. Kisha itiwe mafuta kwa kiasi, kwa kuwa kinachozidi hutupwa nje na mzunguko moja kwa moja juu ya pleti kavu.

Mashine nyingine ndogo hazina pleti kabisa, zina klachi ya kujishika yenyewe: viatu viwili au vitatu vilivyoshikwa na springi nyembamba, ambavyo injini ikienda mbio hutanuka vikakamata dramu, na ikipungua hurudi. Hapa neno la kwanza ni mwendo wa sailensa, yaani wa injini isipoongezwa mafuta. Injini ikirekebishwa iungurume kwa kasi mno bila kuongezwa mafuta, viatu havipati nafasi ya kurudi, na mwenye mashine hulaumu klachi kwa kosa la kabureta. Punguza skrubu ya sailensa kwanza. Ikiwa injini inaunguruma taratibu na mashine bado inatambaa, springi za viatu zimechoka au moja imekatika, au pini ambazo viatu huchezea zimekauka na kukwama. Nazo hupewa tone moja la mafuta, moja tu, na springi hubadilishwa zote kwa pamoja.

Kurudisha vitu ni kinyume cha kuvitoa, isipokuwa kwa jambo moja linalotaka utulivu. Nati za springi zikishakazwa kwa idadi sawa ya mizunguko, vuta wenzo, uufunge, kisha zungusha klachi kwa mkono huku ukitazama ukingo wa presha pleti dhidi ya kitu kilichosimama, hata ncha ya penseli iliyoshikwa vizuri. Ukingo ukipanda na kushuka, nati iliyo mahali palipo chini ilegezwe robo ya mzunguko, na ijaribiwe tena. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayoachwa na wenye haraka, lakini klachi iliyoinuka sawa huachia kwa nusu ya mwendo ambao iliyo kombo ingeudai.

Jaribio la kwanza lifanywe rola ikiwa ingali juu ya gogo, mnyororo wa visu umevuliwa, na mikono iko mbali na kila kinachozunguka. Injini ikiwashwa na klachi ikiwa imeachia, rola huenda ikazunguka polepole hewani kwa kuburutwa na mafuta tu. Ikisimama mara ubao unapoiegemea, hakuna neno. Kisha mashine ishushwe kwenye majani tambarare, isimame na injini ikinguruma, na mwenyewe aondoe mikono yake pasipo kuondoka karibu. Isiposogea, mnyororo wa visu urudishwe. Baada ya kukata uwanja mara moja au mbili, pleti zilizosafishwa na koki mpya hujikalisha na unene wake hupungua kidogo, kwa hiyo ulegevu wa waya utakuwa umebadilika na lazima upimwe tena. Na majira ya baridi yakifika, wenzo ufungwe kwa kamba katika hali ya kuachia, ili pleti zilale zikiwa mbalimbali mpaka majani yaanze kuota.